YAH: KUFUNGA MUHULA, NA KAZI YA ROBOTI YA MAJINI

Ndugu Wazazi na Walezi,

Habari za majukumu. Shule inafungwa Ijumaa hii. Ripoti mtazipata kwa mwalimu wa darasa, na tarehe ya kufungua imeandikwa humo.

Wazazi kadhaa mmeniuliza kwa nini watoto wa kidato cha kwanza na cha pili walikuwa wakichelewa kurudi kila Jumatano, tena sare zimelowa. Naomba niwajibu vizuri, maana hakuna jambo lililonifurahisha zaidi muhula huu.

Walikuwa wakiunda roboti ya kutembea chini ya maji. Fremu yake ni mabomba ya PVC haya haya ya mafundi bomba, yametobolewa matundu ili maji yaingie na hewa itoke. Ina mota tatu ndogo zilizozibwa kwa nta: mbili za kwenda mbele na kukata kona, moja ya kupanda na kushuka. Betri ya volti 12 hubaki nchi kavu, waya mrefu ndio unaoshuka na roboti. Umeme wa ukutani hatuusogezi karibu na maji hata kidogo.

Kwenye tangi la shule ilitulia katikati ya maji, haizami wala haiibuki. Tukaipeleka baharini, hapa hapa Kigamboni. Ikaelea kama kifuu! Watoto walinyong'onyea. Mwalimu wa fizikia hakueleza kitu, aliwapa mizani tu. Wakapima lita moja ya maji ya bomba, kisha lita moja ya maji ya bahari: ya bahari ikazidi kwa gramu 25 hivi. Roboti yetu ikiwa majini husukuma pembeni maji lita 2, basi wakaifunga nati za chuma za gramu 50. Bado ikapanda, polepole. Ndipo binti mmoja wa kidato cha kwanza akasema, "Mwalimu, na nati zenyewe si zinasukumwa juu na maji?" Wakaongeza gramu 8. Ikatulia.

Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes: kitu kilicho majini husukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma pembeni. Nimeifundisha ubaoni miaka mingi. Sijawahi kuona darasa likiishika namna ile.

Muhula ujao tunataka kuifunga kamera, watoto waone matumbawe kwa macho yao. Kwa hiyo magari mabovu ya kuchezea, feni za kompyuta zilizokufa na vipande vya nyaya msivitupe, wapeni waje navyo. Fomu ya ruhusa ya kwenda baharini irudi imesainiwa. Bila hiyo mtoto atabaki shuleni, na kila anayeingia majini atavaa jaketi okozi. Jumatano mpeni fulana kuukuu ya kubadilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Shule