Barua kwa Rehema: mchezaji wa kuwasimulia watoto wako

Columbus, Ohio

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi wewe na nyumba yako yote. Sisi huku hatujambo, baridi inatuaga taratibu. Barua yako ilinifikia, na nilifurahi kusikia wanafunzi wako wameanza kupenda michezo. Uliniomba nikutafutie mchezaji kiziwi wa kuwasimulia, mtu aliyeishi kweli. Nimempata, tena alisoma hapa hapa Columbus, katika shule ya viziwi ya Ohio. Anaitwa William Hoy.

Alizaliwa mwaka 1862 kijijini Houcktown, jimbo hili hili. Akiwa na miaka mitatu aliugua homa ya uti wa mgongo, na alipopona hakusikia tena. Shule aliimaliza 1879 akiwa wa kwanza darasani, akarudi kwao kuwa fundi viatu. Majira ya joto watu wa kijijini walitembea peku, kazi ikadorora, naye akawa anacheza besiboli na vijana nje ya duka.

Mchezo wenyewe ni ndugu wa kriketi. Mmoja anarusha mpira, mpinzani anausubiri na gongo. Akiupiga anakimbia kupitia vituo vitatu, viitwavyo besi, mpaka arudi pale alipoanzia, wanapopaita nyumbani. Hoy alisimama mbali kule nyuma, katikati ya uwanja, kazi yake kuikimbilia mipira iliyopaa na kuirudisha kwa nguvu kabla mkimbiaji hajafika.

Shida yake ilikuwa anapopiga. Mpira usipopigwa, mwamuzi anayesimama mgongoni mwa mpigaji hutamka kama ulikuwa halali au mbovu, na mpigaji asiyejua hesabu imefika wapi amekwisha. Hoy alianza kulipwa 1886 na timu ya Oshkosh, Wisconsin. Kila mara ilimbidi ageuke amtazame mwamuzi, na warushaji wakaushtukia udhaifu huo: wakawa wanarusha kabla hajajiweka sawa. Msimu ule alipiga vibaya. Mwaka uliofuata akapanga na mwenzake aliyesimama karibu na besi ya tatu amwonyeshe kwa mikono, kushoto mbovu, kulia halali. Mambo yakabadilika. Oshkosh wakatwaa ubingwa wa ligi yao, na 1888 Washington wakamchukua kwenda Ligi ya Taifa, kwa wakubwa.

Kuna jambo moja alilolifanya huko ambalo ningependa uwasimulie bila haraka. Wachezaji wa nyuma hugongana vibaya wakikimbilia mpira mmoja huku macho yakiwa juu, kwa hiyo hupigiana kelele. Hoy akaandika tangazo akalibandika ukutani, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Akawaeleza wenzake kwamba kila anapoufuata mpira wa juu atapaza sauti, nao wamwachie. Wasipomsikia, wajue haufuati, wajipange wenyewe. Sauti aliyoweza kuitoa ilikuwa kama mlio mwembamba tu, lakini ilitosha. Yeye asiyesikia ndiye aliyewawekea wanaosikia utaratibu wa kusikilizana! Nimelifikiria jambo hili siku nyingi, na kila nikilifikiria namheshimu zaidi.

Msimu huo wa kwanza akaiba besi 82, akaongoza ligi nzima. Kuiba besi ni kuchomoka mbio mrushaji anapozubaa, kabla mpira haujapigwa. Ni kweli kwamba miaka ile waliihesabu kwa ukarimu kuliko sasa, lakini wenzake nao walihesabiwa hivyo hivyo, na hakuna aliyemfikia.

Halafu Juni 19, 1889, wakicheza na Indianapolis. Mara tatu mpinzani alikimbilia nyumbani kutafuta alama, na mara tatu Hoy alirusha mpira kutoka kule mbali ukafika mikononi mwa mwenzake Connie Mack, mdakaji anayelinda nyumbani, mkimbiaji akatolewa. Watatu katika mechi moja. Kurusha kwa nguvu kutoka umbali ule ni kazi, na kumlenga mdakaji aliyesimama mahali pamoja ni kazi nyingine.

Baadaye alihama sana: Buffalo, St. Louis, Washington tena, Cincinnati, Louisville. Mwaka 1901 alikuwa Chicago, timu iliyochukua ubingwa wa Ligi ya Marekani, ile ligi kubwa ya pili. Mei 1902, akiwa amerudi Cincinnati na umri wa karibu miaka 40, alisimama na gongo mbele ya mrushaji wa New York, Luther Taylor, kiziwi mwenzake. Viziwi wawili walikuwa hawajawahi kukabiliana katika ligi kubwa. Hoy akaipiga vizuri mipira yake mara mbili.

Utasikia watu wakisema ishara za mikono za waamuzi wa besiboli zilianza kwa ajili yake. Usiwafundishe watoto hivyo kama jambo lililothibitishwa, wanahistoria bado wanabishana. Ed Dundon, aliyesoma shule hiyo hiyo na kutangulia ligi kubwa, aliwahi kuamua mechi kwa ishara 1886. Mimi linaloniudhi ni kwamba Hoy akitajwa, hutajwa kwa ishara hizo tu. Huyu alicheza karibu mechi 1,800, akapiga mapigo zaidi ya 2,000, akaiba besi karibu 600. Walimwita Dummy, yaani bubu, naye alilizoea, ila mimi namwita kwa jina lake. Ukumbi wa heshima wa Cincinnati ulimwingiza 2003. Ule mkubwa wa besiboli yote, kule Cooperstown, bado, na naona hajatendewa haki.

Watoto watapenda pia habari za nyumba yake. Mkewe, Anna, alikuwa kiziwi na mwalimu kama wewe. Tommy Leach, aliyecheza naye Louisville, alisimulia kwamba mlangoni hapakuwa na kengele. Ukivuta kitasa, gololi ya madini ya risasi iliteremka kwenye mfereji wa mbao ikaanguka sakafuni kwa kishindo, nao wakahisi mtetemo miguuni, wakaja kukufungulia.

Alifuga ng'ombe wa maziwa baada ya kustaafu. Oktoba 1961, akiwa na miaka 99, alirusha mpira wa ufunguzi wa mojawapo ya mechi za fainali, Cincinnati. Akafariki Desemba mwaka huo huo.

Ningeanza na ile mirusho mitatu ya mechi ya Indianapolis, uwaonyeshe uwanjani umbali wenyewe, ndipo uwaambie kwamba alikuwa kiziwi. Niandikie waliuliza nini. Mama msalimie sana, na watoto wote.

Wako,
Mwanaidi