Voismeili ya ofisi haijakufa, imejaa tu

Wiki jana tuliitwa ofisi moja ya klaringi hapa Moi Avenue, Mombasa, bosi ashapandisha, anataka tung'oe mashine yote ya simu tuweke nyingine, maana wateja wanalalamika kila wakipiga wanaambiwa hakuna nafasi ya kuacha ujumbe. Nikashika simu ya mezani, nikabonyeza *97, namba ya kusikiliza voismeili, nikaweka paswadi, nikaambiwa una ujumbe mpya mia moja. Mia kamili! Wa kwanza kabisa ni dereva yuko Kilindini getini anauliza makaratasi ya kontena, na hiyo kontena ishatoka zamani.

Mashine yake inatumia Asterisk, programu ya kuendesha simu za ofisi, kama nyingi tunazohudumia, na hiyo kama hujaigusa inakubali ujumbe 100 kwa kila foda, ukifika hapo mlango unafungwa. Tukafuta, tukawasha ujumbe uende kwa imeili pia. Kuna mahali pa kuchagua ifute yenyewe ikishatuma, na mimi huwa nasema acha, sababu imeili ikipotea njiani na ujumbe umeenda nayo.

Lakini kilichonichekesha ni saa. Bosi alikuwa amemgombeza sana yule dada wa risepshen, ati voismeili inaonyesha Ijumaa mteja kapiga saa nne asubuhi na simu ikalia mpaka ikaingia voismeili, ulikuwa wapi? Dada anaapa saa nne alikuwa hapo hapo kitini. Na kweli alikuwepo! Seva ya hiyo mashine iliachwa kwa saa za UTC, zile za dunia, na sisi tuko masaa matatu mbele, kwa hivyo mteja alipiga saa saba, ofisi imefungwa, bosi mwenyewe yuko msikitini. Hapo ni kubadilisha taimuzoni iwe Africa/Nairobi, kwa seva na kwa kisanduku chenyewe cha ujumbe, basi. Dada wa watu aliniletea chai bila kuulizwa.

Salamu nayo ilikuwa bado sauti ya kijana aliyeacha kazi. Ukishaingia *97 bonyeza 0 halafu 1, ongea, malizia na reli (#). Bosi alirekodi mara nne, tatu zote zimeingia honi za tuktuk, nikamwambia mzee funga dirisha kwanza. Ya Ijumaa mchana au sikukuu ni 0 halafu 4, hiyo ni ya muda na inafunika zile zingine zote mpaka uitoe, na watu husahau kuitoa, kuna duka tulilikuta linawatakia wateja Idi njema na Idi ishapita miezi miwili.

Na jamani paswadi. Kama ekstensheni yako, yaani namba ya simu yako ya ndani ya ofisi, ni 201 na paswadi ni 201, huna paswadi. 0 halafu 5, weka nyingine, na usibandike karatasi kwa simu.

Sasa kabla hujatupigia jaribu *97 mwenyewe. Ikiitika na ukafanikiwa, hatukudai kitu. Isipoitika, pengine mashine yako ni ya aina nyingine au namba hizi zilibadilishwa, hapo tupigie picha ya mashine, mbele na nyuma pale nyaya zinapoingia, tutume fundi anayeijua. Nyali, Likoni, Changamwe twafika, ila ya Likoni tupe muda wa feri.