Kwa nini hatupaki silikoni kila mahali

Jumanne iliyopita motari mmoja, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, aliondoka garajini kwetu, hapa Katindo mjini Goma, akiwa na hasira. Pikipiki yake ilikuwa inavuja mafuta ya injini kwenye mfuniko wa klachi. Tulimtajia bei: gasketi mpya, mafuta mapya, kusafisha chujio, na kazi ya nusu siku. Akasema mbele ya wateja wengine: "Fundi, huo ni wizi. Kule Birere wananipaka silikoni, nusu saa niko barabarani." Silikoni ni ile gundi laini ya kuziba inayokauka kama mpira. Neno hili tunalisikia karibu kila wiki. Siku ile kulikuwa na watu wengi na hatukupata nafasi ya kumjibu kwa utulivu, kwa hiyo tunamjibu hapa, yeye na wengine wote.

Mfuniko ule ulikuwa umeshafunguliwa mahali pengine. Gasketi yake ya karatasi, ile inayokaa kati ya mfuniko na injini kuzuia mafuta yasivuje, joint kama wengi tunavyoiita Goma, haikurudishwa. Badala yake mtu alizungusha silikoni nene kama kidole cha mtoto. Ukikaza bolti, silikoni inabanwa na kutoka pande zote mbili. Ya nje unaiona na kuifuta. Ya ndani huioni: inakauka ikining'inia, inapigwa na mafuta ya moto kila siku, mwishowe inakatika. Na pikipiki za Boxer, TVS na zile za Kichina tunazoendesha mjini hapa zina mafuta ya injini ya aina moja tu, lita moja hivi, yanayohudumia pistoni, klachi na gia kwa pamoja. Kipande kikidondoka upande wa klachi, safari yake inaishia kwenye chujio la pampu.

Mwaka jana mzee mmoja mwenye pikipiki tatu za kukodisha alituletea moja iliyokuwa inagonga juu, kwenye kichwa cha silinda. Alidhani ni vavu zinahitaji kurekebishwa. Tulipofungua tukakuta kemshafti na roka, zile sehemu zinazofungua vavu, zimekwaruzika na kulika, kavu kabisa. Tukateremka hadi kwenye chujio: limejaa nyuzi nyeusi za silikoni kama minyoo. Mafuta yalikuwemo, tena safi, lakini hayakuwa yanapanda. Kemshafti, roka, beringi, kazi ya siku mbili, na siku hizo zote motari wake hana cha kumpelekea. Alichookoa kwa kutonunua gasketi ni bei ya sahani moja ya ugali na sambaza.

Si kwamba silikoni ni mbaya. Sisi wenyewe tunayo kwenye kabati. Ila ina kazi yake, na kazi hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri: kona ambapo sehemu mbili za chuma zinakutana na ya tatu, mpira wa mfuniko wa vavu pale unapopinda, mfuniko uliotengenezwa kiwandani bila gasketi. Hapo tunaweka uzi mwembamba, milimita moja au mbili, unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti na kuyazunguka. Halafu tunasubiri. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani. Baada ya dakika kumi juu yake inakuwa kama ngozi na mteja anasema tayari, lakini ndani bado ni uji. Inahitaji karibu saa 24, na usiku wa baridi wa Goma huichelewesha zaidi. Ile inayonuka siki kali hatuitumii kwenye injini, kwa sababu asidi yake inaweza kula chuma.

Kwa karteri, yaani zile nusu mbili za injini zinazobeba gia, mambo ni mengine. Kama kiwanda kiliweka gasketi ya karatasi katikati, unene wake ulihesabiwa: ndio unaozipa shafti za gia nafasi ya kupumua. Ukiiondoa na kupaka silikoni, unazibana shafti, na gia zinaanza kuwa ngumu kuingia. Tunarudisha gasketi ya unene uleule. Kama kiwanda hakikuweka kitu, na nyuso zote mbili ni laini, tunapaka ile gundi inayokauka pale tu inapokosa hewa kati ya chuma na chuma. Inaziba nafasi nyembamba sana, kama robo ya milimita. Uzuri wake ni kwamba inayobanwa kuingia ndani haigandi. Inabaki majimaji na kuchukuliwa na mafuta. Ni ghali kuliko silikoni, ndiyo. Ila haitaziba mkwaruzo wa bisibisi. Ndiyo maana tunachukia kuona mtu akibandua gasketi ya zamani kwa bisibisi: aluminiamu ni laini, mkwaruzo mmoja unakuwa mfereji wa mafuta. Sisi tunalowesha, tunakwangua kwa mti au plastiki, tunafuta kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Humo ndimo saa zenu zinamokwenda, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya bei mnayolalamikia.

Kwenye gasketi ya kichwa cha silinda, usituombe silikoni. Moto na mgandamizo wa pale vitaitoa siku hiyohiyo. Chini ya silinda vilevile, maana kwenye injini nyingi kuna tundu la mafuta linalopanda juu, na tone moja linatosha kuliziba. Kwenye kabureta petroli itaifanya ivimbe. Kwenye ekzosi, nunua ringi yake.

Wengine hupaka silikoni kuzunguka shafti ya pinioni ya cheni, pale mafuta yanapochuruzika. Pale kuna spi, pete ya mpira inayozuia mafuta, na shafti inazunguka ndani yake. Hakuna gundi inayoshika kitu kinachozunguka. Spi ibadilishwe, na shafti ikaguliwe kama haina mfereji uliochimbwa na vumbi la lava la barabara zetu.

Na kuna kuvuja ambako hakuhitaji gasketi wala gundi. Kijana mmoja wa Ndosho alibadilishiwa gasketi mara tatu kwingine. Tukakuta bomba la kupumulia la injini limezibwa na tope. Presha ilikuwa inatafuta pa kutokea. Tulilizibua, tukapunguza mafuta aliyokuwa amejaza kupita alama, kuvuja kukaisha. Tulimtoza pesa kidogo sana, na hadi leo anatuletea vidanji zake, yaani kubadilisha mafuta.

Bolti ndogo za mifuniko, zile za milimita 6, tunazikaza kwa kupishana kama msalaba na kwa ufunguo wa kipimo, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, kwenye Nyutoni mita 10 hivi. Anayekaza kwa nguvu za mkono ili "isivuje" anang'oa nyuzi za tundu la bolti kwenye aluminiamu, na kuzitengeneza upya ni bei nyingine.

Kazi za karteri tunazipokea Jumamosi hadi saa nane mchana. Pikipiki inalala kwetu Jumapili, gundi ikauke bila haraka, na Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi unaichukua. Gasketi ya zamani na uchafu wa chujio tunaviweka kwenye mfuko na kukukabidhi pamoja na ufunguo.