Miche ya migomba yetu itunzwe kwenye baridi

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaopanga bajeti ya utafiti wa kilimo wasisahau chumba cha baridi.

Mahindi huhifadhiwa yakiwa mbegu kavu. Ndizi tunazokula hazina mbegu za kupanda, hivyo mgomba lazima utunzwe ukiwa hai. Leuven, nchini Ubelgiji, kuna hazina ya migomba ya dunia iliyoanzishwa mwaka 1985, yenye aina zaidi ya 1,500. Kila aina ni vimche vidogo ndani ya vijichupa vya kioo, kwenye nyuzijoto 16 na mwanga hafifu. Kwa ubaridi huo kimche hukua polepole mno, na huhamishiwa chakula kipya takriban mara moja tu kwa mwaka. Vingine hugandishwa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Watafiti wanaozalisha aina mpya hutegemea hazina za namna hii. Ndizi chotara ziitwazo NARITA, zilizozalishwa Uganda, zina damu ya Calcutta 4, ndizi pori iliyojaa mbegu, isiyolika, lakini inayostahimili sigatoka nyeusi, ugonjwa wa majani ya migomba. Mkulima gani angeipa nafasi shambani kwake?

Hapa Kagera mnyauko umeshakula mashamba mengi. Aina zetu za ndizi kama enchoncho, nshakara, nyoya na entobe zikusanywe sasa, zingali na afya. Na chumba hicho kiwekewe jenereta kabisa, maana umeme wetu tunaujua.

Mkulima wa migomba,
Bukoba.