Kwako utakayeongoza njia ya nne

Mpendwa rafiki yetu,

Salamu nyingi. Tunatumaini barua hii itakukuta mzima na mabega yako yametulia. Msimu umefungwa, sisi watatu tumefikia umri wa kuiaga timu ya vijana ya kuogelea, na kuanzia mazoezi yajayo atakayekuwa mbele kwenye njia ya nne ni wewe. Kocha atakupa programu. Tuliyoandika hapa ni yale ambayo kocha mwenye watoto wengi na muda mchache hapati nafasi ya kuyasema, yanayopita mdomo kwa mdomo kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo pale mnaposhika ukuta na kuhema.

Tuanze na saa ya ukutani, kwa sababu anayeongoza njia ndiye anayehesabu kwa niaba ya wote, na akipotea yeye, wote sita wa njia wamepotea. Seti ya mita 100 mara 10, kila baada ya 1:45 (dakika moja na sekunde 45), ina mdundo wake: unaondoka mshale ukiwa juu kwenye 60, kisha 45, kisha 30, kisha 15, halafu unarudi 60. Kwa hiyo ukiondoka kwenye 60 ujue ni mara ya kwanza, ya tano au ya tisa. Ikiwa ni kila 1:40, mzunguko ni wa namba tatu: 60, 40, 20. Kila 1:50 ni wa namba sita. Jifunze midundo hii ungali mkavu, maana pumzi zikishakata, kujumlisha na kutoa vinakuwa vigumu kuliko kuogelea.

Nafasi kati ya mtu na mtu iwe sekunde 5 mkiwa sita kwenye bwawa la mita 25. Wapo watakaodai 10 ili wapate maji tulivu. Wapigie hesabu: wewe unayekwenda 1:30 kwa mita 100 utakuwa umemaliza mita 50 za kwanza kwenye sekunde ya 45, na wa sita anatakiwa kuondoka kwenye sekunde ya 50. Utamkuta bado amesimama palepale unapotaka kugeukia. Mkiwa wanne, 10 haina shida. Kila mmoja abaki kulia kwake, akikaribia ukuta aelekee katikati, na akijisukuma atokee upande wa pili. Anayemaliza asigande pale alipogusa. Asogee upande wa kuondokea ili wa nyuma yake naye aguse ukuta. Watoto wengi humalizia hewani, mita moja kabla, kwa sababu tu mbele yao kuna migongo ya watu, na wakizoea hivyo mazoezini watafanya hivyohivyo siku ya mashindano. Ukiguswa unyayo, simama kwenye kona ya ukuta unaofuata umpishe aliyekugusa. Usimpishe katikati ya njia, mtagongana na wanaokuja.

Sasa kuta. Ukituuliza muda wetu mwingi ulipungulia wapi miaka yote hii, hatutataja mikono. Mwogeleaji anakuwa na kasi kubwa zaidi mahali pawili: anaporuka kutoka jukwaani na anapojisukuma ukutani. Kasi hiyo ni kubwa kuliko ile anayoweza kuitengeneza mwenyewe kwa kupiga maji, kwa hiyo kazi ya ukuta ni kutoiharibu. Kiganja juu ya kiganja, mikono imebana kichwa nyuma ya masikio, kidevu chini, mwili mshale. Anayeanza kupiga miguu mara tu anapoachia ukuta anajiwekea breki, kwa kuwa magoti yanajikunja wakati mwili bado unateleza vizuri. Anayechelewa naye anaanza upya kutoka kasi ndogo. Subiri mpaka uhisi maji yanaanza kuwa mazito kichwani, hapo ndipo piga teke la pomboo la kwanza, miguu miwili pamoja kama mkia.

Mateke mangapi? Usiige idadi ya mtu mwingine. Mwambie mwenzako apime muda wako kutoka ukutani mpaka kichwa kinapofika alama ya mita 15, mara tatu kwa mateke matatu, mara tatu kwa manne, na kuendelea mpaka sita. Chukua wastani. Kwa wengi wa umri wenu, teke la sita linaleta hasara, kwani kifua kinadai hewa na mivuto ya kwanza ya mikono inatoka mibovu. Alama hiyo ya mita 15 unaiona kwenye kamba za njia, pale vyelezo vinapobadilika rangi, na kwa mtindo huru, chali na kipepeo kichwa lazima kiwe kimetoka juu ya maji kufikia hapo. Sheria hii ina historia nzuri ya kuwasimulia wadogo: mwaka 1988 kwenye Olimpiki ya Seoul, Daichi Suzuki wa Japani alishinda mita 100 chali baada ya kwenda karibu mita 30 za kwanza chini ya maji. Wakuu wa mchezo wakaweka kikomo kwa mtindo wa chali, na mwaka 1998 mtindo huru na kipepeo navyo vikafungwa kwenye mita 15.

Kugeuka kwenyewe kunaharibika kwa sababu moja kubwa: kuinua kichwa kuutazama ukuta. Mstari mweusi wa chini unakatika mita 2 kabla ya ukuta na kuwa na kichwa cha T; huo unatosha. Usivute hewa kwenye mkono wa mwisho kabla ya kupinduka, wala kwenye mkono wa kwanza baada ya kutoka. Wadogo hawatakuelewa mara moja. Waanzishie kwa mita 25 chache tu, wakiwa bado wana nguvu.

Kwa chali, bendera zinazoning'inia juu ya bwawa ziko mita 5 kutoka ukutani. Kila mtu ana idadi yake ya mivuto ya mikono kutoka bendera, na hapa ndipo miili inayokua inapoleta balaa: aliyekuwa akihesabu sita mwaka jana sasa anafika kwa tano, na bado kichwa chake kinahesabu sita. Matokeo yake ni nundu. Hesabuni upya mwanzoni mwa kila msimu na tena wiki ya mashindano, kwa kasi ya mashindano, kwa kuwa mkono wa pole pole haufiki mbali sawa na mkono wa haraka. Atakayejigeuza kifudifudi mapema kisha akateleza bila kuvuta mkono ataondolewa, na hatakuwa na cha kujitetea.

Kwa mitindo ya chura na kipepeo, mikono miwili iguse ukuta kwa wakati mmoja, katika kugeuka na katika kumaliza. Wadogo wengi wanaofutiwa matokeo hufutiwa kwa hili, nao karibu wote hujua sheria. Mwili uliochoka ndio unaotanguliza mkono mmoja. Dawa yake ni kuwakatalia mguso wa mkono mmoja hata kwenye maji ya kupasha mwili. Chura baada ya ukuta ina ruhusa ya mvuto mmoja mrefu wa mikono hadi mapajani na teke moja tu la pomboo kabla ya teke la kwanza la chura. Na katika mbio za mitindo minne za mtu mmoja, atokaye chali kwenda chura aguse ukuta akiwa bado chali.

Kumaliza nako kunahitaji mazoezi yake. Olimpiki ya Beijing 2008, mita 100 kipepeo, Michael Phelps alimaliza kwa 50.58 na Milorad Čavić kwa 50.59. Čavić alikuwa mbele akiteleza kuelekea ukutani. Phelps aliongeza nusu mkono akaupiga ukuta. Mtoto akishaona picha ile, huhitaji kumhubiria.

Kuhusu kugawa nguvu, tuchukue mita 200 kwa lengo la 2:40. Mpango mzuri ni 37.5, kisha 40.5, kisha 41 na 41. Mita 50 za kwanza ni za haraka kwa sababu kuna kuruka. Mwenye papara ataanza na 35, ataona raha, aende 40, kisha 43, kisha 44: jumla 2:42. Sekunde mbili na nusu alizookoa mwanzoni amezilipa mara mbili. Mfanyie mazoezi ya mita 50 mara nne, kila moja kwa 41, akipumzika sekunde 10 tu, na umkatalie kwenda 39. Kushikilia kasi ni ujuzi, na kwa maoni yetu vijana wanaufundishwa kidogo mno.

Jambo jingine litakalokuletea machozi ya watu: muda wa bwawa la mita 50 haulingani na wa bwawa la mita 25. Mita 200 kwenye bwawa fupi zina kuta saba za kugeukia, kwenye refu tatu. Aliyezoea kuvuna kuta ataonekana ameporomoka. Waambie kabla, na kwenye daftari andikeni safu mbili.

Kupokezana: anayesubiri atazame kichwa na mikono ya anayekuja, asiwatazame majirani wala wazazi. Anaruhusiwa kuanza kuzungusha mikono na kuegemea mbele, lakini vidole vya miguu visiachie jukwaa kabla mwenzake hajagusa. Anayekuja naye asiteleze mwisho; akiteleza anamdanganya anayesubiri, kisha wanne wanafutiwa wote. Fanyeni mara 10 kila wiki katika mwezi wa mashindano, watu walewale kwa mpangilio uleule. Muda wa anayeanza unahesabika kuwa muda wake rasmi, wa wengine watatu hauhesabiki, kwa hiyo mwenye kusaka kiwango cha kufuzu mpe nafasi ya kwanza. Mitindo minne ya kupokezana huanza na chali kwa sababu iko wazi ukiifikiria: wa chali huanzia majini, na hawezi kuning'inia ukutani huku mwenzake anakuja kuugusa.

Asubuhi ya mashindano waandikie wadogo mkononi namba ya tukio, kundi na njia. Kwenye bwawa la njia nane, mwenye muda bora wa kundi huwekwa njia ya 4, anayefuata ya 5, kisha 3, 6, 2, 7, 1 na 8. Waeleze ili aliye njia ya 8 ajue kwamba hajaadhibiwa. Filimbi fupi fupi ni za kujiandaa, ndefu ni ya kupanda jukwaani. Kwa chali, ndefu ya kwanza ni ya kuingia majini na ya pili ni ya kushika ukuta. Anayeanza kabla ya mlio anaondolewa mara ya kwanza hiyohiyo. Sydney 2000, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 peke yake kwa sababu wapinzani wake wawili walikuwa wameondolewa kwa kuanza kabla. Kaa tuli.

Miwani ikivuja, usikimbilie kukaza mpira. Mara nyingi kosa ni daraja la puani kuwa refu au fupi mno, au ukingo wa kofia umeingia chini ya mpira wa lenzi. Mipira miwili ya nyuma ikae juu ya kisogo, imeachana kidogo. Ndani ya lenzi usisugue kwa kidole, utaondoa dawa ya ukungu. Suuza kwa maji baridi, kausha kivulini. Nywele zilowanishe kwa maji safi kabla ya kuvaa kofia ili zinywe klorini kidogo. (Rangi ya kijani kwenye nywele nyeupe husababishwa na shaba iliyo majini, na ile harufu kali tunayoilaumu klorini hutokea inapokutana na jasho na mkojo. Kwa hiyo bafu kwanza, na choo kabla ya bafu.)

Bega tusilifanyie mzaha. Uchovu wa misuli huenea na hupungua ukilala. Maumivu makali ya sehemu moja, yanayochoma mkono unapoingia majini, ni jambo jingine. Vyanzo vya kawaida ni mkono kuvuka mstari wa kichwa unapoingia, makasia ya mikono (vibao vya kuvaa viganjani) makubwa kuliko nguvu za mtu, na mita kuongezwa ghafla baada ya likizo. Toa makasia kwanza. Yakiendelea, mwambie kocha siku hiyohiyo, na yasipopoa aonwe na mtaalamu wa afya. Usimsifu anayevumilia.

Wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano mita hupungua, kasi haipungui. Katikati ya kipindi hicho wengi hujihisi wazito na wavivu, na wenye hofu hujiongezea mita kwa siri. Wazuie.

Tunaoondoka nasi tuna kazi zetu: kupunguza mazoezi taratibu, na kupunguza chakula pamoja nayo, kwani tumbo la mita 5,000 kwa siku halijui kwamba mita zimekwisha. Mmoja wetu atasomea uokoaji. Cheti cha mbio hakimfanyi mtu mwokozi. Kumkaribia anayezama, kumshika na kumtoa ni mafunzo ya peke yake.

Sanduku la njia ya nne liko chini ya benchi. Ndani kuna daftari, saa mbili za kupimia, mipira ya akiba ya miwani na kofia tatu. Saa yenye utepe mwekundu kitufe chake cha kuanzia hukwama, kibonyeze katikati, si pembeni. Kalamu ya kuandikia mikononi imekauka. Tafuta nyingine kabla ya mashindano ya kwanza.

Ni sisi wenzako,
wa njia ya nne