Mkesha wa Ijumaa na kangomba ya Jumamosi

Mhariri, pole na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, mi naandika toka huku Masasi mkoani Mtwara, ni mkristo na ni mkulima wa korosho, na hili jambo la kungoja mwisho wa dunia huku tunawanyonya wajane kwa kangomba, yaani kununua korosho za mwenye shida kwa bei ya kutupa, limenikaa rohoni muda mrefu.

Msimu unakaribia, watu wanafyekea chini ya mikorosho tayari kwa kuokota, na kwenye magrupu ya watsapu ya kanisa zimerudi tena zile klipu za mwisho wa dunia. Septemba 2025 ilikuwa yule muhubiri wa Afrika Kusini aliyesema Yesu analichukua kanisa tarehe 23 au 24, watu wakasambaziana usiku kucha, tarehe ikapita, hakuna hata mmoja aliyerudi kwenye grupu kuomba radhi, sasa hivi wanatafuta tarehe nyingine. Wapendwa, Mathayo 24:36 ipo wazi, siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, ni Baba peke yake. Mtu akikuletea tarehe huyo hajatumwa na Yesu, hata akiwa na Biblia mkononi na machozi usoni.

Na madhara yake si madogo. Kule Marekani mkulima mmoja anaitwa William Miller alihubiri kurudi kwa Yesu, wafuasi wake wakashika tarehe 22 Oktoba 1844, wengine waliacha mazao shambani bila kuvuna maana waliona hawatayahitaji tena. Hao walibaki na huzuni na njaa. Ila hapa kwetu Afrika Mashariki imekuwa ni mauti kabisa, Kanungu Uganda Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba ya ibada, na Shakahola kule Kilifi mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto wamo, watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Watoto jamani. Mtoto anajua nini kuhusu siku ya mwisho zaidi ya kwamba mama kamnyima uji?

Sasa wapo wanaosikia haya wanasema basi hukumu yenyewe haipo, ni hadithi za kutisha watu. Hao nao wanajidanganya. Tarehe 25 Aprili 2019 tuliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja, mkoa mzima wa Mtwara ukawa kwenye tahadhari, shule na ofisi zikafungwa, kikapinda kikapiga ng'ambo ya mto Ruvuma, Cabo Delgado kule Msumbiji, wenzetu wakafa na nyumba zikaenda, na kesho yake huku kuna watu walikuwa wanacheka wanasema mbona hakikuja. Kilikuja, ila hakikuwafikia wao tu. Petro kaandika Bwana hakawii kama watu wanavyodhani kukawia, anavumilia maana hapendi mtu yeyote apotee, huo muda tuliopewa ni wa kutubu.

Sasa kukesha ni nini? Maana tunasema kesheni kesheni tunafikiri ni mkesha wa Ijumaa, spika mpaka saa kumi alfajiri, mimi nahudhuria na naipenda mikesha, lakini soma Mathayo 24 kuanzia mstari wa 45 mpaka mwisho. Yesu anamtaja mtumwa aliyewekwa juu ya nyumba awape wenzake chakula kwa wakati wake, bwana akirudi amkute anafanya hivyo, heri yake. Yule mwingine anasema moyoni bwana wangu anakawia, anaanza kuwapiga wenzake na kula na kulewa. Kumbe kukesha kunapimwa kwa jinsi unavyomtendea mwenzako wakati bwana hayupo!

Na huku kusini hilo jambo lina jina, kangomba. Tunalijua wote. Mtu anamkuta mama mjane mwezi wa pili, ndani hamna unga na mtoto anaumwa, anampa hela kidogo, korosho zikianguka mwezi wa kumi anakuja kubeba magunia kwa bei ya ile hela ya njaa, au anapita kijijini na bakuli lake anapima anavyotaka yeye, halafu anazipeleka chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kama zake na mnadani anapata bei kamili. Serikali imekataza, mwaka 2018 wakati jeshi linakusanya korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo habari hii ilisemwa mpaka redioni, na bado ipo. Kinachoniuma ni kwamba baadhi ya wanaofanya hivi tunakaa nao benchi moja, Ijumaa wanaomba kwa sauti Bwana njoo, Jumamosi wako kwa mjane na bakuli. Yesu kawasema watu hao kwenye Marko 12:40, wanakula nyumba za wajane na kusali sala ndefu, hukumu yao itakuwa kubwa zaidi. Na kwenye ile hukumu ya Mathayo 25 mfalme haulizi nani alijua tarehe, anauliza nilikuwa na njaa, mlinipa chakula?

Wachungaji, mapadri na wainjilisti wa Mtwara na Lindi, nawaomba kwa heshima kabisa, kabla ya mnada wa kwanza hubirini hili kwa jina lake, msizunguke. Zakayo alipokutana na Yesu alisema kama amemnyang'anya mtu anarudisha mara nne, hakusema ataongeza maombi. Aliyechukua korosho za watu kwa kangomba awarudishie kilichozidi, na sadaka ya mavuno ikija bahasha nene toka kwa mtu ambaye kijiji kizima kinajua biashara yake, mchungaji amuite pembeni amuulize kwanza zile za mjane amesharudisha?

Mkulima na msomaji wako,
Masasi, Mtwara