Mgonjwa wa MS apangiwe mazoezi yake

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu upasuaji wa mifupa iliishia mlangoni mwa wodi. Haikumfuata mgonjwa nyumbani. Mimi nina MS, ugonjwa unaoharibu utando unaokinga mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Mwaka jana niliteleza bafuni, nyonga ikavunjika, nikawekewa chuma.

Mfupa uliunga vizuri. Taabu ilikuwa mazoezi. Nilipangiwa saa 7 mchana, chumba hakina hata feni. Mwili ukipata joto, dalili za MS huzidi kwa muda: mguu ulioanza kuburuta ni ule ambao haukupasuliwa, na macho yakaingia ukungu. Nikaambiwa najidekeza. (Magongo nayo yanataka mikono yenye nguvu, na yangu hufa ganzi.)

Naomba hospitali zetu ziwakutanishe daktari wa mifupa, daktari wa mishipa ya fahamu na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla mgonjwa kama mimi hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Mazoezi yawe ya asubuhi, mafupi, yenye mapumziko. Na feni ifungwe.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam